Kitenzi travel na Barabara za Uingereza

Kitenzi cha Kiingereza travel, ambacho mwanafunzi wa Afrika Mashariki hufundishwa mapema kuwa maana yake ni kusafiri, hakikuzaliwa na maana hiyo. Kilitoka Ufaransa na kuingia Uingereza katika Zama za Kati kikiwa na maana ya kufanya kazi ngumu, kutaabika, kuhangaika. Maana ya kwenda safari kiliipatia hukohuko Uingereza, katika karne ya 14, na Kifaransa chenyewe hakikuifuata. Mfaransa akisema travailler anasema kwamba anafanya kazi. Mhispania na trabajar yake vivyo hivyo, na Mreno na trabalhar. Waingereza peke yao ndio waliochukua neno la taabu wakalifanya neno la njiani, na sababu ya jambo hilo imo katika historia ya njia zenyewe.

Asili ya mbali ya neno hili hutafutwa katika Kilatini cha watu wa kawaida, katika jina trepalium au tripalium, yaani chombo cha miti mitatu. Mkutano wa maaskofu uliofanyika Auxerre, katika Ufaransa ya leo, mwishoni mwa karne ya 6, uliwakataza mapadre na mashemasi kusimama kwenye trepalium wakati wahalifu wanapoteswa, kwa hiyo kwamba chombo hicho kilitumika kutesea hakuna ubishi. Miti ya namna hiyo ilitumika pia kumbana farasi au ng'ombe mkorofi asirushe mateke akipigiliwa njumu. Inasemekana kwamba hapo ndipo kilipotoka kitenzi cha kutesa, kisha cha kuteseka, kisha cha kufanya kazi inayouchosha mwili. Maelezo haya yanapendwa sana kwa sababu yanasisimua, na vitabu vingi huyatoa kana kwamba kila hatua imethibitishwa. Wapo wanaisimu wanaoyatilia shaka, hasa pale yanaporuka kutoka kwenye chombo hadi kwenye kazi, na wanapendekeza mizizi mingine. Kisicho na shaka ni hali ya neno lilipovuka bahari. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na mahakama, na travail ikaingia katika Kiingereza pamoja na taabu yake.

Si kwamba Kiingereza kilikuwa na upungufu wa vitenzi vya mwendo. Kabla ya Wanormani, kitenzi kikuu cha kusafiri kilikuwa faran, ndugu wa fahren ya Kijerumani. Kilipozeeka hakikufa, bali kilijificha ndani ya maneno mengine. Farewell, salamu ya kuagana, ilikuwa kumtakia mtu mwendo mwema. Welfare, neno ambalo leo hutumika kwa ustawi wa jamii na idara zake, hapo awali lilikuwa kwenda vyema tu. Thoroughfare ni barabara inayopitika moja kwa moja. Fare yenyewe imebaki kuwa malipo ya mwendo, na wakati mwingine chakula kinachoandaliwa mezani. Nauli ya Kiswahili nayo imetoka mbali: Waswahili waliipata kwa Waarabu, na Waarabu kwa Wagiriki, ambao kwao naulon ilikuwa malipo ya kupanda au kupakia mzigo chomboni. Mwingereza basi hulipia mwendo, na Mswahili, kwa asili ya neno lake, hulipia jahazi hata akiwa amening'inia mlangoni mwa daladala.

Go, kitenzi kingine cha kale cha mwendo, kilipatwa na mkasa wa peke yake. Wakati wake uliopita wa zamani ulififia, na kufikia karne ya 15 Waingereza wa kusini walikuwa wamekwisha kuuazima wa kitenzi jirani, wend, ambacho maana yake ilikuwa kushika njia. Ndiyo sababu mwanafunzi hulazimika kukariri go na went bila kuona herufi hata moja inayoyaunganisha. Mwishoni mwa karne hiyo ikaanza kusikika be going to kwa jambo litakalotokea, bila mtu yeyote kunyanyua mguu. Kiswahili nacho kimekitumia kitenzi cha kwenda nje ya njia, lakini kwa kusudi jingine: huenda, iliyokuwa hali ya mazoea ya kwenda, sasa ni neno la mashaka.

Kwa nini basi faran ilipostaafu, nafasi yake ikachukuliwa na neno la mateso? Jibu liko barabarani. Warumi walioitawala Britania kwa karibu karne nne waliacha barabara imara za mawe na changarawe, kama Watling Street, Ermine Street na Fosse Way. Utawala wao ulipokoma mwanzoni mwa karne ya 5, ikapita zaidi ya miaka elfu moja pasipo kujengwa mtandao mwingine wa kiwango hicho. Barabara ya Zama za Kati ilikuwa haki ya kupita zaidi kuliko kitu kilichojengwa. Sheria ililinda haki ya mtu kutoka mji hadi mji, na matope yakiifunga njia, msafiri aliruhusiwa kuchepuka na kukanyaga ardhi ya jirani, hata kama ina mazao. Kwa hiyo njia zilitanuka, zikahama, zikagawanyika, na kila masika zikawa bwawa.

Usalama ulikuwa habari nyingine. Kwa sheria iliyotungwa Winchester mwaka 1285, Mfalme Edward I aliamuru vichaka vifyekwe hadi umbali wa futi 200 kila upande wa barabara kuu zilizounganisha miji ya masoko, ili majambazi wasipate pa kujificha. Mwenye shamba aliyekaidi, na uhalifu ukatokea kwenye ardhi yake, aliwajibishwa yeye. Sheria hiyo peke yake inatosha kueleza mtu wa karne ya 13 aliwaza nini alipofunga virago.

Matengenezo nayo yalikuwa mateso kwa upande wao. Mwaka 1555 Bunge lilizikabidhi parokia kazi ya kutunza barabara. Kila kaya ilitakiwa kutoa siku nne kwa mwaka bila malipo, zikaongezwa kuwa sita mwaka 1563. Mwenye ardhi alitoa mkokoteni na wanyama wa kuukokota, asiye na kitu alitoa mikono yake. Ulikuwa msaragambo wa lazima, uliochukiwa na kufanywa kwa kulegalega, kwa sababu parokia ilijazia mashimo yaliyochimbwa na magurudumu ya watu wa mbali waliopita bila kulipa chochote. Mpango huo mbovu ulidumu, kwa sura moja au nyingine, hadi mwaka 1835.

Katika hali hiyo, kusema kwamba mtu "ametaabika" kutoka York hadi London hakukuwa kutia chumvi. Taratibu mwendo ukaimeza taabu. Kwa muda mrefu neno lilikuwa moja kwa maana zote mbili, likiandikwa kwa tahajia yoyote aliyoipenda mwandishi, na hata katika karne ya 17 travel na travail zilikuwa bado zinabadilishana nafasi. Baadaye tahajia ziligawana kazi: travel ikachukua njia, travail ikabaki na taabu, hasa uchungu wa uzazi. Maana hiyo ya uzazi bado imo katika Biblia za zamani za Kiingereza, na msomaji wa leo asiyeijua hudhani ni kosa la chapa.

Walioshika njia bila kulazimishwa na biashara wala vita walikuwa mahujaji. Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliuawa ndani ya kanisa lake kuu mwezi Desemba 1170 na watu wa Mfalme Henry II, na mwaka 1173 Papa akamtangaza kuwa mtakatifu. Kwa zaidi ya karne tatu na nusu kaburi lake liliwavuta wagonjwa, wenye nadhiri na watembezi waliotaka tu kubadili hewa. Geoffrey Chaucer, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 14, aliwakusanya mahujaji wake wa kubuni katika nyumba ya wageni ya Tabard, Southwark, ng'ambo ya daraja la London, akaingiza mle askari, mtawa, msaga nafaka, mpishi na mama mjane aliyeolewa mara tano, na hapana shaka alikuwa ameshawaona wa aina hiyo. Farasi wao hawakukimbizwa. Mwendo wao wa wastani, ulio chini ya mbio, ukaitwa mwendo wa Canterbury, ukafupishwa kuwa canter, na hadi leo ndilo jina la Kiingereza la mwendo huo katika viwanja vya farasi. Mwaka 1538 Mfalme Henry VIII alilivunja kaburi, dhahabu na vito vyake vikaenda hazina ya mfalme. Hija zikakoma, jina la mwendo likabaki.

Maneno mengine mawili ya safari yalikuja kwa mlango huohuo wa Kifaransa, na yote mawili yana hesabu ya mchumi ndani yake. Journey linatokana na siku: lilikuwa mwendo wa siku moja, au kazi ya siku moja. Maana ya pili imehifadhiwa katika journeyman, fundi aliyemaliza uanagenzi, analipwa kwa siku, lakini bado hana karakana yake. Watu wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji wangelielewa neno hilo mara moja, maana nao walihesabu umbali kwa siku na kambi, na Kiswahili bado kinasema mwendo wa siku tatu. Voyage kwa upande wake limetoka kwenye viaticum ya Kilatini, ambayo ni masurufu: chakula na fedha za kumfikisha mtu aendako. Kanisa Katoliki limelitunza neno hilo la Kilatini kwa ajili ya komunyo anayopewa mtu anayekaribia kufa. Wafaransa hulitumia voyage kwa safari yoyote. Waingereza, watu wa kisiwani, walilipeleka baharini likakaa huko.

Si kila aliyeshika njia alihesabiwa kuwa msafiri. Tauni kubwa ya 1348 na 1349 iliua sehemu kubwa ya watu wa Uingereza, pengine karibu nusu, na vibarua waliosalia wakagundua kwamba wanaweza kuhama na kudai ujira mzuri zaidi. Mabwana waliliona hilo kuwa uasi. Sheria ya mwaka 1351 ilijaribu kuwarudisha kwenye mishahara ya kabla ya tauni na kuwabana mahali walipo, na kuanzia hapo maskini anayetembea bila bwana akawa mtu wa kushukiwa. Ukali ulifikia kilele mwaka 1547, sheria iliporuhusu mzururaji apigwe chapa ya herufi V kifuani na kufanywa mtumwa kwa miaka miwili. Ilikuwa kali mno hata waliopaswa kuitekeleza walisita, ikafutwa mwaka 1550, ingawa viboko viliendelea. Kwa Sheria ya Makazi ya 1662, mtu aliyehamia parokia nyingine na kuonekana kwamba atakuja kuwa mzigo kwa wenyeji angeweza kurudishwa kwao ndani ya siku 40.

Waroma, jamii ya watu wa kuhamahama walioingia Uingereza mwanzoni mwa karne ya 16, waliangukia katika mkondo huo. Waingereza waliwadhania kuwa Wamisri, na ndiyo asili ya jina Gypsy. Sheria ya 1530 ikawaamuru waondoke nchini. Hawakuondoka. Pamoja nao, huko Ireland na baadaye Uingereza, iliishi jamii nyingine ya watu wa kuhamahama, wafua bati na wachuuzi wa farasi, wenye asili ya Kiayalandi. Leo Traveller yenye herufi kubwa ni jina la jamii hiyo, si la mtu aliye safarini. Mahakama ya Uingereza iliitambua kuwa kabila mwaka 2000, na serikali ya Ireland ikafanya hivyo mwaka 2017. Mtu wa jamii hiyo anaweza kuishi maisha yake yote katika nyumba ya matofali na bado akawa Traveller.

Katika miaka ileile ambayo maskini walichapwa kwa kutembea, watoto wa makabaila walipelekwa kutembea kwa gharama kubwa. Tangu karne ya 17 ikawa desturi kijana wa ukoo mkubwa kuzunguka Paris, Florence, Venice na Roma kwa mwaka mmoja au zaidi, akiwa na mwalimu wa kumchunga, ajifunze Kifaransa, sanaa na adabu za majumba ya kifalme. Mara nyingi alijifunza pia kamari. Desturi hiyo iliitwa Grand Tour, na ndiyo iliyozaa tourist, neno lililoanza kutumika mwishoni mwa karne ya 18. Travelled ikawa sifa: mtu aliyeona mengi, ambaye maoni yake yana uzito. Travel, kwa hiyo, ilikuwa kosa kwa mmoja na elimu kwa mwingine, na aliyeamua nani ni yupi alikuwa hakimu wa eneo, ambaye kwa kawaida alikuwa baba au mjomba wa yule kijana wa Roma.

Mabadiliko makubwa ya barabara yalianza pale gharama ilipohamishwa kutoka kwa parokia kwenda kwa mpitaji. Sheria ya kwanza ya lango la ushuru ilipitishwa mwaka 1663, kwa ajili ya sehemu ya barabara iendayo kaskazini kutoka London. Katika karne ya 18 malango hayo yalienea nchi nzima, yakisimamiwa na bodi zilizokopa fedha, kutengeneza barabara na kukusanya ushuru. Watu waliyachukia, na mara kadhaa yalichomwa moto, lakini barabara zilipitika. Mwaka 1754 gari la farasi la abiria lilitangazwa kuwa litatoka Edinburgh hadi London kwa siku kumi wakati wa kiangazi na kumi na mbili wakati wa baridi. Mwaka 1784 John Palmer aliishawishi serikali kujaribu gari la barua kati ya Bristol na London: liliondoka alasiri, likafika asubuhi, baada ya saa 16 hivi. Kisha akaja John Loudon McAdam, Mskoti aliyefundisha kwamba tabaka za kokoto ndogo zilizoshindiliwa, zenye mgongo wa kumwaga maji, zinatosha bila msingi wa mawe makubwa. Katika miaka ya 1830 ile safari ya Edinburgh ilichukua chini ya siku mbili. Jina la McAdam limo ndani ya tarmac, iliyopatikana mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya kokoto zake kuchanganywa na lami.

Magari hayo ya farasi yalikwenda kwa hatua, kila hatua ikiwa umbali ambao farasi wangeweza kukimbia kabla ya kubadilishwa. Hatua hiyo iliitwa stage, na kituo chake kikaitwa hivyohivyo. Abiria wa matatu Nairobi anayesubiri gari steji anatumia, bila kujua, msamiati wa wabadilisha farasi. Kuandikisha nafasi kulifanywa kwa karani kuandika jina la abiria katika kitabu, na hapo ndipo kitenzi book kilipopata maana ya kukata tiketi mapema, maana ambayo imedumu ingawa vitabu vyenyewe havipo tena.

Barabara nzuri zilimleta pia msafiri wa aina nyingine, mtu wa kiwanda aliyezunguka madukani na sampuli ndani ya mabegi, akichukua oda na kudai madeni. Huyu aliitwa commercial traveller, na kwa lugha ya kazi yake mtu alisemekana "kusafiri katika" bidhaa fulani: mmoja katika chai, mwingine katika vitambaa. Waliosafiri katika nguo za ndani za kike hawakukosa kutaniwa, na utani huo wa Kiingereza haujazeeka hadi sasa. Kiswahili kina njia safi zaidi ya kusema jambo hilo, kwa kuwa kinazitembeza bidhaa zenyewe.

Reli ilimaliza kazi ambayo malango ya ushuru yaliianza, na pia ikayaua malango hayo. Njia ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, na katika miaka 20 iliyofuata nchi ilifunikwa na reli. Mwanzoni abiria wa daraja la tatu walisimama katika mabehewa yasiyo na paa, pamoja na mvua na cheche za moto. Sheria ya mwaka 1844 ikazilazimisha kampuni kuendesha angalau treni moja kila siku yenye mabehewa yaliyofunikwa, kwa mwendo usiopungua maili 12 kwa saa na nauli isiyozidi peni moja kwa maili. Kwa mara ya kwanza kibarua alihakikishiwa na sheria safari ya nauli nafuu, yeye ambaye babu wa babu yake angeweza kuchapwa kwa kushika njia tu. Hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote katika maisha ya kitenzi travel, ingawa kamusi haziigusi.

Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook, fundi wa samani na mhubiri wa Kibaptisti aliyepiga vita ulevi, alikodi treni kuwapeleka watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa kupinga pombe, kwa shilingi moja kila mmoja. Nia yake ilikuwa kuwatoa watu kwenye vilabu vya pombe. Matokeo yake yakawa biashara ya utalii. Mwaka 1851 aliwapeleka London zaidi ya watu 150,000 kuona Maonyesho Makubwa ya viwanda, na katika miaka ishirini iliyofuata alikuwa akiwavusha kwenda Ufaransa, Uswisi, Italia na Misri. Wenye fedha za zamani walikasirika. Kuanzia hapo wakajitahidi kutenganisha traveller na tourist, kwamba wa kwanza anajua anachotazama na wa pili anachungwa tu. Tofauti hiyo ni majivuno zaidi kuliko maana, maana Grand Tour nayo ilikuwa na wachungaji wake.

Upande wa pili wa Atlantiki reli ilizaa kitenzi kipya kabisa. Kampuni za Marekani ziliwauzia waliokwenda kazini kila siku tiketi ya muda mrefu kwa bei iliyopunguzwa. Upunguzaji huo wa malipo uliitwa commutation. Mwenye tiketi hiyo akawa commuter, na commute, iliyokuwa istilahi ya wahasibu na mahakimu, ikageuka kuwa kwenda kazini na kurudi. Marekani ndiko pia travel ilikopoteza herufi: Noah Webster, katika kamusi yake ya 1828, aliona l mbili za travelled ni ubadhirifu, na wasahihishaji wa pande mbili za bahari wanalumbana hadi leo.

Wakati watu wakizidi kusafiri kwa urahisi, kitenzi kilianza kuvichukua visivyo na miguu. Mwaka 1676, Mdenmaki Ole Rømer, akiwa Paris, aligundua kwa kuangalia mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii kwamba nuru haifiki papo hapo bali hutumia muda. Tangu wanasayansi walipokubali jambo hilo, Kiingereza kikawa na haja ya kitenzi cha kueleza kinachofanywa na nuru kati ya hapa na kule, na travel ikapewa kazi. Sauti, mawimbi, mshtuko wa tetemeko na umeme vyote husafiri kwa kitenzi hicho, na vitabu vya fizikia vya Kiswahili vimeifuata njia hiyo bila tabu. Mafundi wakachukua sehemu yao: umbali ambao kipande cha mashine husogea mbele na nyuma nao huitwa travel, na winchi inayotembea juu ya reli zake ni traveller.

Wauza mvinyo walikipa maana ya kustahimili. Mvinyo unaoharibika ukitikiswa melini hausafiri. Unaofika salama unasafiri. Waingereza walijifunza hilo kwa mvinyo wa Ureno, ambao uliongezwa pombe kali ili uvumilie bahari, na nyongeza hiyo ikaja kuwa ladha yenyewe ya mvinyo wa port. Kutoka hapo maana ikapanuka: utani, mchezo wa kuigiza au siasa isiyoeleweka nje ya kwao haisafiri. Kwenye mpira wa kikapu kitenzi kimerudi kuwa kosa. James Naismith alipoubuni mchezo huo Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, alikataza mchezaji kukimbia na mpira mikononi, na mwamuzi anayepuliza filimbi kwa kosa hilo anaita travelling.

Pamoja na utajiri huo wote, Kiingereza kilikuja kuazima neno la safari kutoka Kiswahili. Safari, lililotoka katika Kiarabu, lilikuwa katika karne ya 19 neno la kawaida la msafara na mwendo wake, watu wa pwani walipokwenda bara na wapagazi wa Kinyamwezi walipoteremka na pembe za ndovu. Richard Burton, aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 pamoja na John Hanning Speke, ni miongoni mwa waandishi wa kwanza kulitumia katika maandishi ya Kiingereza, na kwake lilikuwa bado msafara. Reli ya Mombasa ilipofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, wawindaji matajiri walipata njia ya haraka ya kufika bara, na neno likaanza kunuka baruti. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kutoka madarakani Marekani, akiwa na mwanawe Kermit na wataalamu wa makumbusho ya Smithsonian. Akiwa na mamia ya wapagazi, alizunguka Afrika Mashariki hadi Sudani, na vielelezo vya viumbe vilivyopelekwa Washington vilizidi 11,000. Magazeti ya Marekani yalimfuatilia, na baada ya hapo msomaji wa Kiingereza alijua safari ni nini, au alidhani anajua.

Baadaye bunduki ilipisha kamera, lakini maana haikupanuka. Hata mashindano ya magari yaliyoanzishwa Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kuitwa Coronation Safari, yalilitumia neno hilo kwa sababu ya mbuga na vumbi lake. Kwa Kiingereza, mtu hawezi kwenda safari bila wanyama. Kwa Kiswahili anakwenda safari akienda msibani Tanga, akienda hija Makka au akipanda treni ya Kigoma, na akishindwa jambo mara ya kwanza anaweza kusema safari hii atafaulu. Kati ya lugha mbili zilizoshirikiana neno hili, aliyelikopa ndiye aliyelibana.